Nyuso za Mwera na Mikono Iliyozitengeneza

Nyumba nyingi za Mwera, ng'ambo ya Mto Pangani, zina picha zilizotundikwa sebuleni, lakini iliyo kongwe kuliko zote kwa kawaida haiko ukutani. Imo kwenye kasha la bibi, chini ya kanga za akiba, ndani ya bahasha ya kaki pamoja na kadi ya TANU na risiti za shamba. Ukiomba kuiona unaletewa kwa mikono miwili. Ni kipande cha karatasi kisichozidi kiganja, na ndani yake kijana wa kanzu na koti amesimama, mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti, mwingine umekunjwa kidogo ili saa ionekane.

Picha ile haikutokea hivihivi. Kuna mtu aliyeamua pazia gani lishushwe nyuma, koti gani livaliwe, kovu gani lifutwe kwa penseli na shavu gani lipakwe rangi. Leo tunawalaumu vijana kwamba wanachezea sura zao kwenye simu, kana kwamba jambo hilo limeanza nao. Lina umri mkubwa kuliko reli ya Tanga. Ninachotaka kukifuatilia hapa ni nani alikuwa na usemi juu ya sura itakavyoonekana, kwa maana katika mwambao huu usemi huo umewahi kuwa wa wageni, ukahamia kwa wenye sura, na miaka hii umeanza tena kuponyoka.

Wageni na vyombo vyao, 1846–1889

Ufundi wa picha ulitangazwa rasmi Paris mwaka 1839, na haukuchukua hata miaka kumi kufika kwetu. Nahodha Mfaransa Charles Guillain, aliyezunguka pwani ya Afrika Mashariki kati ya 1846 na 1848, alikuja na vyombo vya kupigia picha juu ya mabamba ya shaba yaliyopakwa fedha. Watu wa Unguja na wa pwani ya Usomali ni miongoni mwa waliokaa mbele ya chombo hicho. Wakati ule hapakuwa na njia ya kuitoa picha kwenye bamba na kuichapa moja kwa moja kitabuni. Ilimbidi mchoraji huko Ufaransa aketi na bamba, aichore sura upya juu ya jiwe la kuchapia, anyooshe palipopinda na ajaze palipofifia. Kwa hiyo sura za awali za watu wa pwani yetu zilizosambaa Ulaya zilipita mikononi mwa mtu wa pili ambaye hakuwaona wenyewe.

Richard Burton na John Hanning Speke walipita Pangani mwanzoni mwa 1857. Mji ulikuwa mlango wa misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa, na kandokando ya mto miwa ilikuwa ikienea. Mji huo tumeachiwa zaidi kwa maneno kuliko kwa picha. Unguja ndiyo iliyotangulia kupata studio: Mgoa A. C. Gomes alianza kazi ya picha huko katika miaka ya 1860, na baadaye wakafuata Wagoa wengine, akina Coutinho na de Lord. Wateja wao walikuwa watu wa jumba la Sultani, mabalozi, mabaharia wa meli za kivita na matajiri wa mji. Mtu wa Pangani aliyetaka sura yake iandikwe kwa mwanga ilimpasa apande jahazi.

Kisha vikaja vita. Mwaka 1888 kampuni ya Kijerumani ilipotaka kupandisha bendera yake na kukusanya ushuru katika miji ya pwani, Pangani iliwaka, na Abushiri bin Salim akaongoza mapambano. Katika vurugu za mwaka huo watu wake walimkamata Hans Meyer, mtoto wa ukoo wa wachapishaji wa Leipzig, pamoja na mwenzake Oscar Baumann. Walifungwa minyororo na kuachiwa baada ya fidia kulipwa. Meyer hakuwa msafiri wa kawaida. Alibeba kamera, na mwaka huohuo wa 1888 kitabu chake chenye picha 40 za safari ya Kilimanjaro kilikuwa kimetoka. Mwaka uliofuata alirudi, akafika kilele cha Kibo. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Tangu hapo kamera ilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa watawala.

Mkonge na kadi za posta, 1890–1916

Mwera iliingia katika picha kwa njia ya mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Kijerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai na kupandwa ilikuwa 62 tu, na shamba lililoipokea ni Kikogwe, jirani na Mwera. Kutokana na miche hiyo 62 ilizaliwa biashara iliyoubadilisha mkoa mzima. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianza Tanga. Ilifika Muheza 1896, Korogwe 1902 na Mombo 1905.

Mashamba na reli vilihitaji fedha za watu wa Ulaya, na watu wa Ulaya walitaka kuona. Ndipo picha za mistari ya mkonge isiyo na mwisho, za daraja jipya, za stesheni na za boma zilipoanza kumiminika. Walther Dobbertin, aliyefika koloni mwaka 1903 na kufanya kazi yake Dar es Salaam, alipiga mamia ya picha za nchi na baadaye za Vita vya Kwanza vya Dunia. Ni picha nzuri, sitaki kuzipunguzia haki yake. Mwanga wake umepimwa, watu wamepangwa kwa jicho la fundi. Lakini soma maelezo ya chini ya picha za zama hizo: askari, mpagazi, msichana wa Kiswahili. Mzungu ana jina na cheo, na wetu ni aina ya mtu.

Kadi za posta zilizidisha jambo hilo. Ujerumani ndiyo iliyokuwa kiwanda kikuu cha kadi za posta duniani kabla ya 1914, na hata picha zilizopigwa na Wagoa wa Unguja nyingi zilipelekwa huko kuchapwa. Rangi zilitiwa na mafundi wa kiwandani wasioijua pwani. Walikuwa na picha ya kijivu mezani na wakaichagulia wao rangi ya mbingu, ya minazi, ya ngozi na ya nguo. Ukikuta kadi mbili za picha moja, katika moja mwanamke amevaa kitambaa cha bluu na katika nyingine kile kile ni chekundu. Huo ulikuwa uhariri wa picha kamili, uliofanywa kwa wingi, na mwenye sura hakuulizwa.

Kutoka kadi ya posta hadi tangazo la biashara ni hatua fupi. Maduka ya Ujerumani yaliyouza kahawa, kakao, tumbaku na sabuni yalipamba makopo na karatasi zao kwa sura za Waafrika, na kadi ndogo za rangi za kampuni ya Liebig zilikusanywa na watoto majumbani. Katika michoro hiyo midomo ilivimbishwa na macho yakatolewa, Mwafrika akageuzwa mtumishi anayecheka akiwa na sinia. Kampuni ya chokoleti ya Sarotti ya Berlin ilianza kutumia nembo ya namna hiyo mwaka 1918, na ilichukua hadi 2004 kuibadilisha. Wanaokusanya matangazo ya kale kwa kupenda rangi na ufundi wake, nami ni mmoja wao, hatuwezi kuziruka kadi hizo. Ufundi ule ni wa kweli na dharau ile ni ya kweli.

Waingereza waliichukua Tanga na Pangani Julai 1916. Mashamba ya Wajerumani yalipigwa mnada, yakaingia mikononi mwa Waingereza, Wagiriki, Wahindi na Waswisi.

Studio, penseli na pamba, 1918–1950

Hapa ndipo historia inapogeuka, na imegeuzwa na watu wenye maduka madogo. Wahindi na Wagoa walifungua studio katika miji ya pwani, kila moja ikiwa na chumba cha giza nyuma na pazia lililochorwa mbele. Unguja, Ranchhod Oza, aliyefanya kazi kwanza kwa Gomes, alianzisha Capital Art Studio mwaka 1930. Mwanawe Rohit aliiendeleza kazi hiyo baada yake. Mombasa, N. V. Parekh aliendesha studio ambayo vijana, maharusi na marafiki wa pwani ya Kenya waliikimbilia kwa miongo kadhaa. Tanga, mji wa bandari, reli na mkonge, haukuwa nyuma. Mtu wa Mwera aliyekuwa na shilingi za kutosha alivuka mto, akapanda gari hadi Tanga, akabadili nguo nyuma ya pazia.

Mabadiliko yalikuwa haya: sasa anayelipa ndiye anayepigwa. Neno la mwisho likawa lake. Alichagua akae au asimame, ashike kitabu au ua, avae tarbushi au kofia ya kushona. Mafundi walikuwa na makoti ya kuazimisha, tai, miwani na hata viatu. Mtu asione huo ni uongo. Mvunaji wa mkonge aliyeshinda juani akikata majani hakutaka mama yake wa mbali amwone katika gunia la kazi. Alitaka aonekane alivyojihesabu mwenyewe.

Kazi ya kutengeneza sura ilifanyika baada ya mteja kuondoka, na inafaa tuiangalie kwa karibu kwa sababu karibu imekufa. Fundi aliweka negativu juu ya kioo chenye mwanga chini yake. Negativu ni sura iliyopinduliwa: cheusi ni cheupe na cheupe ni cheusi. Kwa hiyo kunjo la uso, ambalo kwenye karatasi lingetokea kama mstari mweusi, hapo ni mstari mwangavu. Fundi alichonga penseli ncha ndefu kama sindano, akapaka dawa kidogo ili penseli ishike, kisha akajaza mstari ule kwa vinukta vidogo mpaka ukalingana na ngozi ya kando. Picha ikisafishwa kwenye karatasi, kunjo halipo. Akizidisha, uso unakuwa laini kama yai, na hapo wateja walirudisha picha wakisema si wao. Fundi mzuri alijua kuacha.

Rangi zilifuata. Kabla filamu za rangi hazijawa za bei ya watu, picha ya arusi ilipakwa rangi za mafuta kwa pamba iliyoviringwa kwenye kijiti: waridi mashavuni, dhahabu kwenye hereni, kijani kwenye majani ya pazia. Nimeona picha ya akina dada wawili, wamevaa sare ya kanga kama ilivyo desturi yetu. Aliyeipaka rangi alivuka mpaka wa pindo kwa upana wa ukucha, wekundu ukamwagikia sakafuni. Familia inaipenda hivyohivyo.

Si kila mtu aliridhika. Wapo masheikh waliokataza sura za viumbe, na wapo waliosema kinachokatazwa ni kuchonga na kuchora, si kivuli kilichoshikwa na mwanga. Watu wa pwani walipita katikati. Picha zilipigwa, na za wanawake mara nyingi ziliwekwa kwenye albamu zisionwe na kila mpita njia, huku za wanaume zikitundikwa.

Vita vya Pili vya Dunia na mkonge vilizidisha haja ya picha. Askari walituma picha zao wakiwa na sare za kijeshi. Wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, mwaka 1944, na manamba, yaani vibarua wa mkataba, wakaletwa kwa malori na treni kutoka Songea, Kigoma, Ruanda-Urundi na Msumbiji. Mashamba ya Mwera, Kikogwe na Sakura yalijaa watu wasio na ndugu karibu. Barua iliyoandikwa kwa niaba na mwenye kujua kusoma, pamoja na picha moja ndani, ndiyo iliyomthibitishia mke kwamba mumewe yu hai. Ndiyo maana baadhi ya sura za Mwera leo zimo katika nyumba zilizo mbali sana na bahari.

Mshairi Shaaban Robert naye, mzaliwa wa Vibambani, aliwahi kuwa karani wa forodha na Pangani ni moja ya vituo vyake. Wengi wetu tunamjua kwa uso kwa sababu ya picha iliyopigwa na kuhifadhiwa. Makarani wenzake waliokaa naye mezani hatuwajui.

Baiskeli, sabuni na simba, 1926–1966

Matangazo yaliyotufikia sisi kama wanunuzi ni jambo jipya kuliko yale yaliyotutumia kama mapambo. Mwanzoni hata London bado walitutangaza sisi kwa wengine. Halmashauri ya Dola ya Uingereza ya kutangaza bidhaa, iliyodumu kuanzia 1926 hadi 1933, ilibandika mitaani mabango makubwa ya rangi. Mchoraji Adrian Allinson alitengeneza mawili ya jozi kuhusu usafirishaji wa Afrika Mashariki: moja la mtindo wa zamani, wapagazi wenye mizigo kichwani, na lingine la mtindo mpya, malori. Ni mabango ya kupendeza sana kwa rangi. Yanasema pia kwamba maendeleo ni kitu kilicholetwa.

Kwetu, gazeti la serikali Mambo Leo lilianza Januari 1923 na kuzoesha wasomaji kuona picha pamoja na habari. Baraza lilitoka Nairobi kuanzia 1939, na Ngurumo likaanza Dar es Salaam mwaka 1959. Kadiri mishahara ya vibarua ilivyoanza kuwa fedha ya kutumia dukani, na mkonge ukapanda bei sana wakati wa vita vya Korea mwanzoni mwa miaka ya 1950, kampuni zikamwona Mwafrika kama mteja. Aspro, Bata na Raleigh zikaanza kusema Kiswahili. Bango la Raleigh la mwendesha baiskeli anayemwacha simba nyuma lilijulikana sehemu nyingi za Afrika. Mtu yule ameshika usukani, anatabasamu, chuma chake hakimwangushi.

Matangazo hayo yalifanya kazi mbili majumbani. Kwanza, karatasi za magazeti zilibandikwa kwenye kuta za udongo, zikaziba nyufa na kupamba chumba, hivyo watoto wakalala wakitazama sabuni na majani ya chai. Pili, na hili ndilo lililonivutia zaidi, yalifundisha namna ya kusimama. Tazama picha za studio za miaka ya 1950 na 1960: baiskeli imeingizwa ndani na kuwekwa ubavu, redio imewekwa mezani na uso wake kuelekea kamera, saa imetangulizwa. Mwili umegeuzwa kidogo kama wa mtu wa tangazo, au kama wa mwigizaji wa filamu za Kihindi zilizojaza kumbi za Tanga. Raj Kapoor wa Awara, filamu ya 1951, alikuwa na wafuasi wengi hapa kwa kofia na kwa mkao. Watu walichukua lugha ya tangazo wakaitumia kujitangaza wao wenyewe kwa ndugu zao, na bidhaa ikawa pambo lao. Wale waliokuwa sura zisizo na majina kwenye makopo ya kakao sasa walikuwa na jina nyuma ya picha, na tarehe, na salamu.

Uhuru na uhaba, 1961–1985

Desemba 1961 ilileta picha moja katika kila duka na ofisi: ya Mwalimu Nyerere. Mwaka 1964 uzalishaji wa mkonge ulifikia kilele chake, takriban tani 230,000, kisha nyuzi za plastiki zikaanza kuua bei. Azimio la Arusha la 1967 likaleta mashamba mengi chini ya serikali.

Kwa picha za nyumbani pigo lilitoka upande mwingine. Mapinduzi ya Unguja ya 1964 yalitawanya familia hadi Oman, Dubai na Uingereza, na albamu zikaenda nazo au zikapotea. Bara, sheria ya mwaka 1971 ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Wahindi wengi wa miji kama Tanga walikata tamaa na kuondoka. Studio ikifungwa, hazipotei picha za mwenye duka peke yake. Yamo ndani yake makasha ya negativu za wateja wa miaka 30, maharusi na marehemu, na hakuna mrithi anayejua za nani. Nyingine zilitupwa jalalani. Huo ni msiba wa kumbukumbu ambao hatukuulilia wakati ule kwa kuwa tulikuwa na misiba mikubwa zaidi.

Baadaye, uchumi ulipokaza mwishoni mwa miaka ya 1970, filamu, karatasi na dawa za kusafishia, vyote vya kuagiza nje, viliadimika pamoja na sukari na sabuni. Ndiyo maana albamu nyingi zina pengo: watoto waliozaliwa kati ya 1978 na 1985 wana picha chache kuliko kaka zao wakubwa.

Upande wa kaskazini wa mwambao, wakati huohuo, palikuwa na fundi ambaye kila mpenda uhariri wa picha anapaswa kumjua. Omar Said Bakor wa Lamu, aliyejifundisha mwenyewe, alikata negativu na picha kwa mkono, akaziunganisha na kuzipiga upya. Alimweka mtu ndani ya bilauri, akamfanya mmoja awe wawili wanaotazamana. Alifanya haya kwa mkasi, gundi na subira, miaka kadhaa kabla ya studio za pwani kutumia kompyuta.

Rangi, Mecca na Dubai, 1986–2007

Biashara ilipofunguliwa chini ya Rais Mwinyi, filamu za rangi zilirudi kwa wingi pamoja na mashine za kusafisha picha kwa saa moja. Wapiga picha wa kutembea walizunguka kwenye arusi, maulidi na mahafali, wakapokea malipo ya awali na kuleta picha baada ya wiki. Zamani picha ilikuwa ya mwaka, sasa ikawa ya kila sherehe.

Wingi huo una hasara yake. Picha ya nyeusi na nyeupe imejengwa kwa chembe za fedha, nayo ikisafishwa vizuri hudumu. Picha ya rangi imejengwa kwa rangi za kemikali, ambazo mwanga na joto la pwani huzila. Nenda Mwera utazame sebuleni: bibi wa mwaka 1955 bado anaonekana wazi, na mjukuu wa 1992 amegeuka wa machungwa.

Mwaka 1990 ndugu wawili Wamarekani, Thomas na John Knoll, walitoa programu ya Photoshop kupitia kampuni ya Adobe. Ilipofika kwenye studio zetu, ilipokelewa kama pazia jipya. Mteja alikaa mbele ya kitambaa cha rangi moja, akachagua atokee wapi: mbele ya Kaaba, kwenye majumba ya Dubai, kwenye bustani yenye maporomoko. Mombasa, wapiga picha wa feri ya Likoni walikuwa wakifanya kazi hiyohiyo kwa mabango ya kuchora na maua ya plastiki. Wasomi wamewaandikia vitabu watu hawa, na wanastahili. Walikuwa wakiendeleza kazi ya mwenye penseli, kwa amri ileile ya mwenye uso.

Picha zinarudi, 2008 hadi sasa

Desemba 2008 Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ujerumani ilifungulia umma kwenye intaneti zaidi ya picha 80,000, na za Dobbertin zimo. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, nacho kina mkusanyo wa Winterton, zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki za kuanzia 1860 hadi 1960. Tanga mjini, makumbusho ya Urithi ndani ya boma la kale yameweka picha za mji mahali ambapo mwanafunzi anaweza kuzifikia kwa miguu. Vitu ambavyo babu zetu hawakuonyeshwa sasa vinafunguka kwenye simu ya mvuvi.

Pamoja nazo zimekuja programu zinazorudisha rangi, kuziba mipasuko na hata kumfanya marehemu apepese macho, jambo ambalo kampuni ya MyHeritage ililieneza mwaka 2021. Nimeziona zikitumwa kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, na nimeona watu wakilia. Lakini programu hizi zinabahatisha. Pale ukungu ulipokula jicho la mtoto, mashine haiwezi kujua jicho lile lilikuwaje. Inaweka jicho la kubuni, lililotokana na maelfu ya nyuso nyingine. Uso uliotoka unapendeza, nao ni wa mtu asiyewahi kuzaliwa. Ndipo ninaposema usemi umeanza kuponyoka, kama ulivyokuwa kwa yule mpaka rangi wa kadi za posta.

Mfano wa rangi ni dhahiri zaidi. Mabamba na filamu nyingi za zamani hazikuhisi rangi nyekundu. Kwa sababu hiyohiyo fundi aliweza kuwasha taa nyekundu katika chumba cha giza bila kuharibu karatasi. Matokeo yake ni kwamba chekundu kilitokea cheusi, na ngozi ya kahawia ikatokea nyeusi kuliko ilivyokuwa. Sasa kijana mmoja wa ukoo ninaoujua alichukua picha ya bibi mzaa bibi yake, akaipitisha kwenye programu, ikampa mwanamke aliyejitanda nguo nyeusi na nyeupe. Akaituma kwenye kundi, watu wakaanza kuuliza kama ilikuwa siku ya msiba. Bibi yake alipoonyeshwa simu alikataa papo hapo. "Hicho ni kisutu," alisema. Nguo nyekundu, nyeusi na nyeupe, ya bibi arusi. Kwa neno moja la mtu anayejua pindo za kanga, picha ilihama kutoka matangani kwenda arusini. Kijana alirudi, akachukua brashi ya programu mwenyewe, akapaka wekundu kwa mkono huku bibi ameketi kando akielekeza wapi pachukue rangi na wapi pabaki.

Hivyo ndivyo ningependa kazi hii ifanyike Mwera, na haraka, kwa kuwa unyevu wa bahari hausubiri. Picha iliyogandana na kioo cha fremu isibanduliwe, kwani ngozi ya picha itabaki kiooni. Ipigwe ikiwa humohumo, kwa kuinamisha fremu mpaka mwako wa dirisha utoke. Nakala ya kwanza, yenye mipasuko na ukungu wake, ihifadhiwe kando bila kuguswa, na marekebisho yafanywe kwenye nakala ya pili. Mzee akisimulia, asiulizwe tu huyu ni nani, aulizwe pia alivaa rangi gani, koti lilikuwa la nani na nani alilipia. Majibu yaandikwe nyuma ya picha kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza, kwa sababu wino wa kalamu hupenya karatasi na baada ya miaka michache hutokeza usoni.